Figa la Bibi na Ukurasa wa Mwisho

Usiku ule nililala nimejidanganya kwamba riwaya yangu imekwisha. Sampuli ilikuwa mezani, imetoka kwa mchapaji, na asubuhi nilitakiwa kumpigia simu nimwambie achape. Nilikuwa nimeiandika kwa miaka sita. Wachapishaji walipoikataa nikasema basi, nitaichapisha mwenyewe, tena afadhali, hakuna wa kuniamrisha.

Ni hadithi ya bibi yangu mzaa mama. Alipojifungua binti wa nne, wakwe zake walimtupia mafiga nje, yote matatu, wakaleta mke mwingine. Bibi akaokota figa moja, akajitwika, mtoto mgongoni, akaenda zake. Alilipikia mpaka anakufa. Sasa liko kwangu, linazuia mlango wa jikoni usijifunge.

Mjomba Eliya, mtoto wa yule mke mwingine, aliposikia naandika alinijia na maneno matamu. "Mwishoni wapatanishe, mwanangu. Wafu hawawezi kujitetea. Usituchafulie ukoo." Nikamtii, mimi niliyejigamba kwamba hakuna wa kuniamrisha. Nikaandika kwamba uzeeni Bibi alirudi, akaliweka figa mahali pake, akawasamehe wote. Nililia nikiandika, nikadhani ni utamu wa maandishi yangu.

Ndotoni niko jikoni kwa Bibi, mchana kweupe. Amechuchumaa, kanga kiunoni, amenipa mgongo. Nikamwamkia. Hakuitikia, Bibi huyu ambaye hata walevi wa njiani aliwaitikia. Chungu kimekaa juu ya mafiga mawili tu, kimeinama, uji unamwagikia majivu, naye anakoroga kana kwamba haoni.

"Bibi, figa la tatu liko wapi?"

"Si umewarudishia?"

Nataka kumwambia kwamba ni kitabu tu, lakini tayari tuko kwa mchapaji, mashine zinanguruma, na karatasi zinazotoka ni ukurasa uleule mmoja, ule wa mwisho, zinamwagika mpaka sakafuni. Bibi anaokota moja. Alipokuwa hai hakujua kusoma. Sasa anasoma, kidole kinafuata mstari, polepole, kisha anainua uso. Nilishamwona Bibi amechoka, nilishamwona mgonjwa, lakini hasira ile sikuwahi kuiona usoni pake. Nikaogopa, nikarudi nyuma hadi ukutani.

"Nani alikwambia nilisamehe?"

Nikasema ni Mjomba.

"Alikuwepo siku waliponitupia mafiga?"

Hata hakuwa amezaliwa, nalijua hilo, nililijua hata siku ile nikimtii.

"Walinitoa mvua inanyesha, na kitovu cha mama yako hakijadondoka. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba radhi mpaka nazikwa. Sasa wewe unawasamehe kwa niaba yangu?"

Hakupaza sauti. Ananirudishia karatasi, ananigeuzia mgongo tena, na mashine zote zinazimika.

Niliamka nimekaza meno mpaka taya zinauma. Kumekucha. Hasira yake ilikuwa bado imo chumbani, ila sasa ilikuwa yangu. Nilimkasirikia Mjomba na ukoo wake msafi. Nilijikasirikia mimi zaidi, kwa sababu wale walimfukuza nyumbani tu, na mimi nilikuwa nimebakiza simu moja nimfukuze kwenye hadithi yake mwenyewe.

Nikaenda jikoni peku. Figa lilikuwa pale mlangoni, zito, upande mmoja bado una masizi. Nikalibeba kwa mikono miwili, nikaliweka mezani juu ya sampuli. Kisha nikampigia mchapaji nikamwambia asichape, sura ya mwisho naiandika upya. Akaguna. Akasema kuna foleni, nikiitoa nafasi yangu nitasubiri sana. Nikamwambia nitasubiri.

Halafu nikampigia Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, kitabu kimeshaingia mashineni?"

"Hapana. Bibi amekataa."

Nilimsikia akihema, na nyuma yake redio ikisoma taarifa ya habari. Nilingoja, nikiwa nimeshika figa, aniulize ni bibi yupi. Hakuuliza.