Mzigo kutoka Mlali

Hilda hapokei mzigo wa mtu. Ukimpa hata kanga tu amfikishie dada yako, atakuchekea, atakuuliza habari za nyumbani, kisha atasema leo hasafiri, ilhali tiketi anayo mkononi. Kwao Mlali, wilayani Kongwa, wanamwona ana roho mbaya, maana huko kukataa mzigo wa jirani ni kama kukataa salamu yake. Waache waseme. Gerezani hawakumsaidia kulala.

Mzigo uliomponza ulikuwa gunia la karanga. Binamu yake Joel alimwomba amfikishie mtu mjini Dodoma, naye akalipokea bila kulifungua, kwani nani hupekua mzigo wa ndugu yake? Polisi wa kizuizi cha barabarani walilipekua. Chini ya karanga kulikuwa na bangi. Joel akayeyuka, Hilda akafungwa.

Kifungo kilikwisha, lakini adhabu, jamani, bado inaendelea. Kazi ya usafi aliyoipata kwenye hosteli moja huko Chimwaga, Dodoma, ilidumu mpaka msimamizi aliposikia. Chumba cha kwanza kilidumu mpaka mwenye nyumba aliposikia. Sasa amepanga Miyuji kwa Mama Mwanasha, mjane wa Tanga mwenye maneno matamu, na huyu bado hajasikia. Wanapikia jiko moja, sufuria ya Hilda imetundikwa kando ya sufuria zake. Kila hodi ikipigwa, Hilda hujiambia, basi, leo amejua.

Jumamosi moja alirudi kutoka kwa mama lishe anakosaidia kupika, akamkuta Mama Mwanasha uani akichagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Konda wa basi la Kongwa kaleta mzigo wako, nimekupokelea."

"Kautuma nani?"

"Hakusema, alikuwa na haraka. Nimekuwekea mlangoni."

Simu yake ilikuwa imezima tangu asubuhi, na umeme ulikuwa umekatika. Alijifungia chumbani na ule mfuko mweusi, akaifungua kamba kwa meno. Ndani mlikuwa na majani makavu yaliyopondwapondwa, rangi ya kijani iliyofifia, yakinuka vumbi na jua. Majani kama yale aliwahi kuyaona mezani mbele ya hakimu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Joel, alisema moyoni. Joel amenipata tena.

Hapo hapo sauti ya mwanamume ikabisha nje. "Hodi! Mjumbe hapa. Wapangaji wote wapo?"

Siku ya msako polisi hutanguliza mjumbe wa mtaa, na Hilda alilijua hilo. Alitoka kwa mlango wa nyuma, mfuko kifuani, akakimbilia chooni, akaanza kuyamwaga majani shimoni. Mengine yakaanguka sakafuni penye maji. Akapiga magoti kuyazoa kwa viganja, machozi yakimtoka. Ndipo yalipoanza kuteleza. Alipoinua mkono, ute ulining'inia kati ya vidole, ukivutika bila kukatika.

Bangi haivutiki. Ule ulikuwa mlenda, ile mboga ya kuteleza ya kwao Ugogoni. Mlenda wa mama yake, aliouchuma wakati wa mvua, akauanika juu ya jiwe, akauponda, akampa konda kama watu wa kwao wote wanavyofanya. Mgogo gani asiyeujua mlenda mkavu? Hofu ilikuwa imemwibia hata hilo.

Mlango wa choo haukuwa na komeo. Mama Mwanasha aliusukuma, mjumbe akiwa nyuma yake.

"Hilda! Kuna nini? Mjumbe anatuita kwenye mkutano wa maji, wewe unakimbia?"

"Siyo bangi, mama!" Hilda aliinua viganja vyote viwili. "Angalia, unavutika! Haki ya Mungu siyo bangi, sijabeba tena!"

Hakuna aliyekuwa ametaja bangi. Mjumbe akamgeukia Mama Mwanasha. Mama Mwanasha aliitazama ile mikono, kisha uso wa Hilda.

"Tena?" aliuliza.

Akageuka, akaingia jikoni. Hilda alinawa, akabaki amesimama kando ya choo, hajui aende wapi. Alipojikaza kurudi chumbani, alikuta sufuria yake imewekwa chini mbele ya mlango, imeoshwa vizuri, na kifuniko chake juu.