Nilisaini kuwa chaneli haina mtu kule Mlali, kumbe kuna mtoto alikuwa anasikilizia hapo hapo

Habari za muda huu wakuu. Hii siyo chai, ni kitu nimekifanya mwenyewe.

Mimi ni fundi wa mitambo ya redio, naishi Kihonda, Morogoro. Kampuni yetu (jina kapuni) ilipata kazi ya kupeleka internet vijiji vya chini ya Uluguru, upande wa Mlali, kwa kutumia chaneli za TV zisizo na mtu.

Kanuni ni moja. Unasikiliza kwanza. Ukikuta mtu anaitumia chaneli, hata kama anasikika kwa mbali sana, unahama.

Nikasikiliza wiki nzima mlimani, mimi na antena na laptop. Chaneli tuliyoitaka ilikuwa kelele tupu, ile shshsh ya redio iliyopoteza stesheni. Ila ukipima muda mrefu na kutafuta wastani, kelele zinatulia, na kwenye grafu kinabaki kinundu. Kidogo mno. Kinakuja, kinapotea.

Nikampigia bosi.

"Hiyo ni noise tu, kijana. Jaza fomu, Jumatatu tunawasha. Watu wanasubiri."

Nikajaza. HAKUNA MTUMIAJI. Nikasaini. Msinitukane bado jamani.

Jumatatu tukawasha. Zahanati ikapata internet, watu wakafurahi. Mimi roho haikai. Mke wangu ananiuliza una nini wewe, sijui hata nianzie wapi.

Alhamisi asubuhi nikashindwa kuvumilia. Nikafungua vipimo vya wiki ile, safari hii nikavipanga kwa saa. Mungu wangu! Kinundu kinaanza saa mbili asubuhi. Saa nne kinapotea kama nusu saa. Kinarudi mpaka saa nane. Jumamosi na Jumapili hakipo kabisa.

Sasa niambieni, ni noise gani hiyo inayotoka mapumziko kwenda kunywa uji?

Shule! Na chini ya ule mlima kuna shule ya msingi moja tu. Nikadandia bodaboda.

Nilimkuta mwalimu wa darasa la tatu mlangoni, amesimama na mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani. Yule mama ana furushi mkononi. Nikatoa shikamoo, nikajieleza, nikauliza kama hapo kuna kipaza sauti kisicho na waya.

Mwalimu akanishangaa. Alikuwa nacho kifuani.

Binti wa yule mama, Asteria, hasikii vizuri. Mwalimu akiongea, sauti inarushwa kwenye kifaa alichovaa mtoto sikioni. Ndicho kinachomfanya asome na wenzake. Sasa tangu Jumatatu mtoto haitiki akiitwa. Mwalimu akikijaribu karibu karibu, mkononi, kinafanya kazi. Akaona basi, sikio ndiyo limekufa. Mama akaitwa aje amtoe bwenini, warudi nyumbani. Lile furushi lilikuwa nguo za mtoto.

Karibu kilisikika, kwa mbali mtambo wetu ulikuwa unakifunika. Nikampigia mwenzangu aliyekuwa kwenye mtambo.

"Zima! Zima sasa hivi, usimuulize mtu!"

Mwalimu akaenda nyuma kabisa ya darasa, akageukia ukuta, akasema kwa sauti ndogo, "Asteria, nani yuko mlangoni?"

Mtoto akageuka kututazama.

"Mama."

Mwalimu akaanza kulia. Yule mama hakulia. Aliniangalia mimi, tena kwa utulivu tu.

"Kwa hiyo siku zote hizi ni wewe?"

"Ni mimi, mama."



Bosi alifoka, eti kwani hiyo shule ina kibali cha kutumia chaneli? Nikamwambia fomu naijaza upya, akitaka anifukuze. Hajanifukuza, ila hanisemeshi. Tumehamia chaneli nyingine, zahanati iko hewani, na Asteria yuko darasani.

Nilichojifunza wakuu kinauma. Ningeweza kusema kipimo kilishindwa, lakini hakikushindwa. Antena yangu ilimsikia mwalimu akiongea na yule mtoto wiki nzima. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hakuna mtu.

Mafundi na mainjinia mliomo humu, mlishawahi kusaini kitu huku roho inakataa? Mlifanyaje baada ya hapo? Na mwenye matusi alete tu, leo nayapokea.