Dakika Tisa Bila Sauti

Mama alikuwa na duka la khanga Kariakoo, nami nilikuwa msaidizi wake tangu nilipoachika na kurudi nyumbani. Siku moja alikuja mwanamke mmoja wa Upanga, mwongozaji wa michezo ya kuigiza. Watu wachache waliomfahamu walisema waigizaji wake huwapa watazamaji mgongo mchezo mzima. Safari hii alikuwa anatengeneza sinema, peke yake, na kamera ndogo.

"Shikamoo, mama. Naomba nikupige picha ukifanya kazi yako. Ila usiongee."

"Marahaba. Nisiongee tena? Mimi muuza khanga?" Mama alicheka, akakubali.

Alikunja doti za khanga kwa dakika tisa. Mimi nilisimama pembeni nimenuna. Wateja walikuwa wanapita, na niliona tunapotezewa muda.

Sinema ilionyeshwa kwenye ukumbi mdogo karibu na Mnazi Mmoja. Ilikuwa mikono ya watu tu: fundi viatu, msusi, mama. Hakuna muziki, hakuna neno. Nusu ya watu waliondoka. Mama aliketi mpaka mwisho, kisha akaninong'oneza, "Sasa hadithi yenyewe iko wapi?" Tulicheka njia nzima mpaka nyumbani Magomeni.

Mwaka uliofuata aliugua, na hakukaa sana. Baada ya arobaini niligundua kwamba kwenye simu yangu nina picha zake nyingi, na zote amekaa kimya, amejiweka sawa. Nilitamani kumwona akijongea. Nikaenda Upanga kumtafuta yule mwongozaji.

Alinipa pole, akafunga mapazia mchana kweupe, akaniwekea kipande kizima alichompiga mama dukani, dakika zote tisa, uso na mikono.

Nilimwona mama akilamba kidole kabla ya kufungua doti. Nilikuwa nimeshasahau tabia hiyo. Nilimwona akiinua khanga moja mpya mpaka puani, akiivuta harufu yake taratibu, macho kayafumba. Halafu akageuka upande niliokuwa nimesimama, akafungua mdomo. Akakumbuka katazo. Akaufunga, akatabasamu, akaendelea kukunja.

"Alitaka kusema nini?" niliuliza.

"Sijui, dada. Nilidhani anakuita wewe."

"Sauti huna hata kidogo?"

"Sikurekodi sauti. Nisamehe."

Nilikasirika, nikalia, kisha nikamwomba arudishe mwanzo. Tuliitazama mara tatu. Ya tatu naye alikuwa analia. Akanihamishia kile kipande kwenye simu yangu.

Duka nimebaki nalo mimi. Asubuhi, kabla ya wateja kuanza kuingia, huwa nakaa kwenye kiti chake nikitazama kile kipande. Nikifika pale anapogeuka, nasimamisha. Siku nyingine naona midomo inataka kutamka jina langu. Siku nyingine naona kama anauliza mkasi uko wapi. Pengine alikuwa na kiu tu, anataka nimletee maji.

Ningemletea.