Kutazama Si Kuvua

Inosi Rokotuivuna alikuwa mtu wa boti. Tangu ana miaka kumi na tisa hadi hiyo arobaini na sita aliyokuwa nayo, kazi yake ilikuwa kupeleka wageni baharini na kuwarudisha wazima, na kwa hilo hakuna aliyewahi kumlaumu. Sifa nyingine kubwa hakuwa nayo, tusidanganyane. Kanisani aliimba kwa pua, raga alicheza msimu mmoja akavunjika bega, na mke aliyemwoa alirudi kwao mjini Suva akisema kisiwa kimemchosha. Nyumbani wakabaki yeye, mama yake Bi Litiana, na baba yake, mzee Watisoni, mpaka mzee naye alipofariki.

Mzee alifariki mwezi wa pili, mchana wa Jumanne. Asubuhi yake aliomba supu ya samaki ya tui. Bi Litiana alikuwa ameinamia mkeka anausuka, mgongo unamuuma, akamjibu bila kuinua kichwa, "Mikono unayo, jipikie." Mzee alitoka akaketi barazani, na saa nane walimkuta ameshapoa. Miaka hamsini na moja ya ndoa, na neno la mwisho likawa hilo.

Ukoo wao ndio wavuvi wa kijiji cha Korotabua, kwa hiyo baada ya maziko mwamba wa matumbawe ulio mbele ya kijiji ulifungwa, kama ulivyofungwa alipokufa babu yake Inosi. Walichomeka mti majini, wakaufunga makuti, na kuanzia siku hiyo usiku mia moja hakuna kuvua pale, hakuna kuoga, hata boti zinapita mbali. Siku ya mia mti unang'olewa, kijiji kizima kinaingia na nyavu, na samaki wa siku hiyo ndio karamu ya kumaliza msiba. Wakijaa, watu husema marehemu ameondoka na radhi. Wakikosekana, hilo halisemwi kwa sauti, lakini kila mtu analijua.

Bi Litiana alilijua kuliko wote. Kila jioni baada ya sala aliuliza, "Leo ya ngapi?" Inosi akimjibu, mama aliitikia kwa kichwa, midomo ikihesabu zilizobaki. Neno lake kwa mumewe hakuwahi kumsimulia mtu isipokuwa mwanawe. Alikuwa anasubiri samaki wamwambie kama amesamehewa.

Siku ya sitini walishuka wageni wawili kutoka kwenye meli iliyotoka mji wa Nadi, mabegi mgongoni makubwa kuliko wao. Lotte na Bram, mtu na mpenzi wake, Waholanzi. Walikuja na mizizi ya kava, ile inayosagwa ikawa kinywaji cha heshima, wakaiweka mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwa adabu, wakaketi chini miguu wameikunja mpaka ikafa ganzi, na watu wakawapenda. Walilala kwenye kibanda cha Inosi cha wageni.

"Binamu, hawa umewaokota wapi?" aliuliza Semi, mtoto wa shangazi yake, ambaye kwa desturi zetu ni mtani wake wa kufa na kuzikana. "Huyo dume ana miguu ya korongo. Ukimtia baharini samaki watamcheka."

"Afadhali yeye ana miguu. Wewe una tumbo tu linalotembea."

"Tumbo hili nalitunzia siku ya mia, bwana! Mwamba ukifunguliwa mtanikuta mstari wa mbele."

Wageni walitaka kuona matumbawe. Ndilo lililowatoa kwao. Lotte alisema wameweka akiba miaka mitatu. Lakini upepo ulivuma siku tatu mfululizo, na mwamba wa nje ukawa unatoa povu tu. Siku ya sitini na tatu, ya mwisho kwao, Lotte aliketi kwenye ngazi za kibanda, miwani ya kuzamia mapajani, akionyesha kwa kidole maji yaliyotulia mbele ya kijiji.

"Pale je, Inosi? Pale pametulia."

"Pale pamefungwa. Baba yangu amekufa."

"Samahani sana." Akaigeuza miwani mapajani. "Hata kutazama tu hairuhusiwi?"

Nami nitasema ukweli hapa, maana watu wengi baadaye walipenda kuwabebesha lawama wageni. Hawakumlazimisha. Inosi mwenyewe alikuwa na kiu ya pale. Pale ndipo mzee alipomfundisha kuzama, akimshika kisogo, akimwonyesha chewa mkubwa pangoni mwake. Tangu mzee azikwe hakuwahi kulia, na moyoni aliona kwamba akishuka pale kidogo tu ataonana naye. Akajiambia kwamba mwiko ni wa ndoano na nyavu. Kutazama si kuvua.

Saa sita wanaume walikuwa mashambani kwenye mihogo, wanawake kwenye mkutano wa kanisa. Akazunguka rasi na boti, mashine ameizima, akipiga kasia, akaingia upande usioonekana kutoka kijijini. Wageni wakajitumbukiza. Naye akavaa miwani yake, akawafuata.

Chini kulikuwa kweupe. Matumbawe yote, yale ya mapembe na yale ya mviringo, yalikuwa meupe kama mifupa, machache yakiwa na rangi ya buluu kali isiyo ya kawaida, na mengine yameshaanza kuota ukungu wa kijani. Akaenda kwenye pango la chewa, halikuwa na kitu. Akatafuta pono, changu, hata vile visamaki vya manjano visivyoliwa. Akaona sita, saba. Maji yalikuwa ya moto mwilini mwake, na hapo ndipo alipokumbuka redio imekuwa ikisema habari za joto la bahari linaloua matumbawe tangu mwezi wa tatu, naye akidhani ni habari za watu wengine.

Lotte aliibuka akicheka. "Inosi, pazuri! Kama theluji!"

Bram alipiga picha nyingi. Kisha akavua miwani, akauliza polepole, "Lakini samaki wako wapi?"

"Wamelala," alisema Inosi. Machozi yalikuwa yamejaa ndani ya miwani yake, akashukuru kwamba mtu akitoka baharini hakuna anayemwuliza kwa nini uso umelowa.

Kesho yake wageni walipanda meli, wakamkumbatia, wakasema hawatamsahau. Jioni mama yake akauliza, "Leo ya ngapi?" Inosi akafungua kinywa. Kusema alichokiona ni kusema alikwenda. Akasema, "Ya sitini na nne, Mama," akainama kula.

Siku thelathini na sita alikaa na jambo lile kooni. Akakonda. Siku moja alimwendea mwenyekiti, akapendekeza wanunue samaki wa makopo, waweke tayari, huwezi kujua.

"Makopo? Kwenye siku ya mia ya Watisoni?" Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyevua nguo barabarani. "Unataka kutuaibisha mbele ya wakwe zake?"

Semi alipolisikia hilo alicheka nusura aanguke. "Binamu, kama huna imani na bahari, nenda ukalime bilinganya!"

Siku ya mia wakaja watu wa vijiji vinne. Mti uling'olewa, nyimbo zikapigwa, wakaingia majini mia moja na zaidi wakishikilia kamba ndefu ya majani ya kuwaswagia samaki nyavuni, wakafanya duara, wakalibana. Nyimbo zilikatika upande mmoja, kisha mwingine. Kilichotoka kwenye nyavu kilijaza karai moja. Semi alisimama maji kiunoni, akitazama chini alipokanyaga, hakuwa na utani wowote.

Hakuna aliyemwambia Bi Litiana. Aliliona karai likipita. Akainuka pwani bila kushikwa mkono, akaingia ndani, akajilaza kwenye mkeka uso ukutani. Inosi akamfuata.

"Ameondoka na hasira zake," alisema mama. "Siku zote hizi nimemwomba."

"Mama, si hivyo. Ni joto. Maji yamechemka, matumbawe yamekufa, hata redioni wamesema."

"Joto lilijuaje siku ya baba yako?"

Inosi alimtazama mgongoni, jinsi alivyokuwa mdogo, na akaona kwamba mwanamke huyu atakufa na neno lile. Akapiga moyo konde.

"Ni mimi, Mama. Nilivunja mwiko. Nilipeleka wageni mle ndani."

Bi Litiana aligeuka. "Lini?"

"Ya sitini na tatu."

Alimkodolea macho muda mrefu. Kisha pumzi ndefu ikamtoka, na uso wake ukalegea, ukawa kama uso wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akaketi. "Kumbe si mimi," alisema. "Watisoni hakunikasirikia mimi."

Akanawa uso, akajifunga nguo vizuri, akatoka barazani, akawaambia watu wote kwa sauti isiyotetemeka kwamba mwanawe ndiye aliyeharibu mwamba. Minong'ono ikapita. Semi akatema mate chini, akaondoka bila kumwita binamu. Mtu mmoja akasema Inosi asiguse tena boti mbele ya kijiji kile.

Mwenyekiti peke yake alisita. Mwaka uliopita alihudhuria semina ya matumbawe Suva, na hakuwa mtu mjinga. Akasogea karibu.

"Inosi, nijibu vizuri. Siku ile ulipoingia, matumbawe uliyakuta hai, au yalikuwa meupe tayari?"

Bi Litiana alikuwa amesimama mlangoni, amemshikilia mwanawe kwa macho, na ule mzigo ulikuwa umeanza kumrudia usoni.

"Yalikuwa hai," alisema Inosi. "Na samaki walikuwa wamejaa."