Kopo la Vifungo

Bendi! Bendi nzima ya mji, makoti mekundu ishirini na manne yenye kola za kusimama, na kazi yote kapewa Mama Kola. Miaka mingapi amekuwa akibana suruali za watu na kubadilisha zipu? Safari hii wapiga tarumbeta walikuja wenyewe mlangoni wakasema, "Tunamtaka yule wa kola." Acha bwana! Wiki nzima mwanamke hakukanyaga chini kwa furaha.

Tatizo lilikuwa bega la kulia. Lilimuuma mpaka mkono ukawa unagoma. Lakini mafundi wenzake wa chumba cha kushonea walikuwa na dawa yao, nayo ilikaa kwenye kopo la vifungo. Kila fundi alitupia humo vidonge alivyobakiza, na mafundi ni mafundi, mkasi haukai bure: karatasi za vidonge zilikatwa kidonge kimoja kimoja, jina la dawa likaenda na vitambaa vya kutupa. Walivijua kwa rangi, kama vifungo. Cha pinki cha bega, cha njano cha mgongo, cheupe cha kichwa.

Basi Mama Kola akawa anameza cha pinki asubuhi, tumbo tupu, maana nani ana muda wa chai makoti yakimsubiri? Mchana mgongo nao ukidai haki yake, anameza cha njano. Jioni anarudia vyote viwili. Siku sita hivyo hivyo. Tumbo likaanza kuwaka moto, akalipuuza.

Alhamisi akaingia wifi yake, dada wa mumewe, mfamasia mwenye mdomo usio na breki.

"Wifi, mbona umepauka hivyo?"

"Furaha hiyo! Yamebaki makoti matatu tu!" Mama Kola akachovya mkono kwenye kopo, akatoa cha njano.

"Hicho nini?"

"Cha mgongo. Cha bega nimeshameza."

Wifi akamnyang'anya, akakigeuza, akasoma herufi zilizobaki, kisha akapekua kopo. "Mungu wangu! Cha bega, cha mgongo! Nani kakwambia kidonge kinajua njia ya begani? Hivi viwili ni dawa za aina moja, za maumivu na uvimbe, havichanganywi! Mtu anameza aina moja tu, kwa kipimo alichoambiwa, ameshakula, siku chache basi. Na wewe mwenye vidonge vya presha ulitakiwa uulize kwanza. Figo zako umezichoka?" Akashusha sauti. "Choo kikoje?"

Mama Kola akacheka kwa aibu. "Tangu jana cheusi tii. Nikadhani ni chakula."

"Hiyo ni damu. Inuka twende hospitali, sasa hivi."

"Na makoti yangu?" Hapo machozi yakamtoka. Bendi ilikuwa inapita barabara kuu Jumamosi, na kazi ya maisha yake ilikuwa haijaisha.

"Makoti yatavaliwa," akasema Fundi Pasi, mkubwa wao pale chumbani. "Wewe nenda ukapone."

Kilikuwa kidonda cha tumbo, kimeanza kuvuja damu. Daktari akasema angechelewa siku mbili tu, wangekuwa wanaongea mengine. Vidonge vile akakatazwa kabisa, akaanzishiwa dawa za kidonda, akalazwa.

Jumamosi asubuhi, du! Ngoma hizo! Mama Kola akakimbilia dirisha la wodi, linalotazama barabara kuu. "Hao! Hao wanakuja! Makoti yangu!" Kola ishirini na nne, zote wima. Hata zile tatu za mwisho, Fundi Pasi hakumwangusha. Akapunga mkono kama kichaa, akalia, akacheka, wodi nzima ikashangilia naye, mpaka bega likamkumbusha kwamba bado lipo.

"Aii!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama aliyelazwa kwa ajili ya tumbo, akachimba mkobani. "Pole, shoga. Meza hiki, kwa bega ni kiboko."

Kilikuwa kidonge kimoja, kimekatwa kwa mkasi.

"Kinaitwaje?"

"Jina la nini tena? Si kile cha pinki."

Mama Kola akakaa taratibu kitandani kwa yule mama. Nje tarumbeta zilikuwa zimepamba moto, ila hakugeuka tena kuangalia.

"Shoga, na wewe leo umemeza cha rangi gani?"

"Pinki. Na cha njano, cha goti."

Mama Kola akamwita nesi kwa sauti iliyozidi bendi.