Damu Haifukiwi

Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa upole. Upole sina, wapendwa. Anayetaka ushuhuda mtamu amsubiri atakayesimama baada yangu.

Wengi mnanijua, mimi ni Yona, fundi vigae. Zile sakafu za ofisi za Mtumba mnazoziona zinang'aa, nyingine nimezipigia magoti mimi. Nilikuwa nabeba maboksi ya vigae begani napanda ngazi huku napiga mluzi. Miaka ya nyuma niliugua kifua kikuu, nikameza dawa mpaka mwisho, nikapona kabisa. Kwa hiyo kikohozi kilipoanza tena sikushtuka. Asubuhi moja kazini nikakohoa, nikaona doa jekundu juu ya vumbi jeupe la vigae. Nikalifunika kwa kiatu. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Haneti: damu ya mtu haiachwi wazi, inafukiwa, asije mbaya wako akaiokota akakuroga nayo.

Doa likawa mate mazima mekundu. Nikakonda, suruali nikawa naifunga kwa kamba. Kifua upande wa kulia kilikuwa kinatekenya kwa ndani, halafu joto linapanda kooni na ladha ya chuma, halafu damu.

Hapo ndipo madaktari walipoanza kuzaliwa. Sijui chuo chao kiko wapi. Msimamizi wetu kazini, kijana wa tai, alisimama mbali akasema, "Fundi, hivyo ni vidonda vya tumbo, acha pilipili." Jirani akasema TB imerudi, akawakataza watoto wake kunywa maji kwangu. Mwenye duka la dawa akaniuzia chupa ya dawa ya kikohozi kabla sijamaliza sentensi. Wote wanajua, na hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona hiyo damu.

Daktari bingwa wao alikuwa baba yangu mdogo, Elia. Alikuja nyumbani kwangu Nzuguni kutoka Haneti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshanishika taya. Akanigeuzia kwenye mwanga wa mlango akanichungulia mdomoni kama anakagua punda wa kununua.

"Kimeo hiki," akasema. "Kimerefuka, kinakwaruza koo. Ndiyo damu yenyewe."

Mke wangu Rehema akasema, "Baba, si twende kwanza hospitali wakampime?"

"Hospitali wanajua kimeo? Wewe mtoto umeolewa juzi, tulia."

Huyo aliyeolewa juzi, binti yetu wa kwanza, Neema, yuko kidato cha nne.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu aliyeumbwa anacho. Kwetu mtoto akikohoa sana, anaitwa mkata vimeo. Mimi utotoni niliponea, nikaja kukatwa nikiwa na mvi. Bwana aliyeletwa na baba mdogo alikuja na kisu chake cha kupinda, akakata, nikatapika. Akakiweka kile kinyama kiganjani akakipitisha, na watu wakakitazama kwa heshima zote. "Kweli kilikuwa kirefu," wakasema. Kinyama walikitazama wote. Damu niliyokuwa nimeikohoa muda mfupi kabla, baba mdogo alikuwa ameshaifukia kwa mguu.

Sasa oneni akili hizo zilitufikisha wapi. Damu ilipoendelea, jibu lilikuwa tayari: "Ni kidonda cha kimeo, kitafunga." Hata zahanati niliyokwenda, aliyenipokea alimulika koo, akaona kidonda kibichi, akaniandikia dawa ya kusukutua. Ningekufa huku nasukutua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tunayafukia kabisa na kushindilia.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, nakunywa uji. Nikakohoa mara moja, viganja vikajaa. Haikukatika. Ilikuwa nyekundu, ina povu, inatoka mdomoni na puani. Mwanamume mzima nikashika kanga ya mke wangu nikalia, maana nilijua nakufa. Baba mdogo bado alikuwa kwetu. Unajua aliagiza nini? Mchanga.

Rehema akasema, "Hapana." Akachukua kopo tupu la siagi, akaniwekea kidevuni. "Tema humu, baba Neema."

Baba mdogo akang'aka, "Utatembea barabarani na damu ya mumeo? Una akili wewe?"

 Rehema akafunika kopo, akanipakia kwenye bajaji.

Hospitali kubwa ya mjini nilimkuta daktari mmoja mama, mpole wa sauti, mkali wa maswali. Kwanza alinilaza kwa ubavu wa kulia, ule unaotekenya, ili damu isilijaze na pafu la pili. Wakanitundikia dripu. Kisha akauliza, "Anakohoa au anatapika?"

Rehema akampa kopo. Daktari akalifungua, akaliinamisha kwenye mwanga. "Nyekundu, ina povu, haina chakula. Ya tumboni mara nyingi huwa nyeusi, kama machicha ya kahawa." Akamulika puani, akamulika kooni. "Hapa umefanywa nini?"

"Nimekatwa kimeo."

Akamulika tena. "Kidonda hiki kimeshafunga. Damu inatoka chini zaidi. Tutaitafuta."

Nilitaka kumpigia magoti. Baada ya wajuaji wote wale, ndiye wa kwanza kukiri kwamba bado hajui.

Wakapima makohozi, kifua kikuu hakikuonekana. Eksirei ikaonyesha kivuli juu ya pafu la kulia. Wakaniingiza kwenye lile limashine la duara linalopiga picha za mwili vipande vipande. Wakapitisha kamera nyembamba puani mpaka mapafuni, na raha yake siwatakii. Mwishoni daktari akanionyesha: ule ugonjwa wa zamani uliacha pango kwenye pafu, na ndani ya pango fangasi wamejiviringa donge, wanasugua mishipa ya damu. "Kwako dawa peke yake haitatosha," akasema. "Tutakata kipande hicho cha pafu."

"Na kimeo?"

"Kimeo chako hakikuwa na kosa lolote."

Nikakatwa tena, safari hii panapostahili. Kovu linaanzia chini ya bega mpaka ubavuni. Nililala na mpira wa kutolea damu na maji umetoka kifuani, kila pumzi kisu. Leo natandika vigae, boksi moja moja, napumzika kwenye ngazi. Sijakohoa damu tena. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na Rehema sijui hata nimshukuruje. Nanyi nawaambia: ukikohoa damu, hata kidogo, iangalie, uipeleke ikaangaliwe. Hao wanaojua ugonjwa wako kwa kukutazama usoni, wapishe wapite.

Juzi nilikwenda Haneti kusalimia. Nikamkuta baba mdogo amekaa na wenzake, akaninyooshea kidole. "Mnamwona huyu? Bila kukata kile kimeo tungemzika." Nilimdharau mpaka mate yakanikauka. Katikati ya sifa zake akakohoa, akageukia pembeni, na mguu wake ukaenda haraka kwenye mchanga. Lakini mimi siku hizi naangalia chini. Niliiona kabla hajaifukia.

"Baba mdogo," nikamwambia, "hiyo ni nini?"

"Kimeo tu."

"Kimeo ulikatwa ukiwa mtoto. Umetusimulia maisha yetu yote."

Akazidi kusukuma mchanga kwa mguu, ingawa doa lilishafunikwa.  Nikaijua hofu ile, maana nilishaishika kwenye kanga ya mke wangu.

Yuko nyumbani kwangu sasa, kesho asubuhi tunampeleka kwa yule daktari. Mwombeeni. Leo alfajiri kikohozi kilimshika, akaanza kutafuta mchanga kwenye sakafu yangu ya vigae, hakuna. Rehema akamletea kopo.

"Tema humu, baba," akamwambia.

Akatema.