Ufunguo na Sisimizi

Naona haya kuyasema, lakini heri myasikie kwangu kuliko kwa fundi seremala. Sukari imenitia ganzi miguuni, na dawa ninayomeza inanisahaulisha hata jina la jirani. Mke wangu, Bi Zuhura, alitaka kumwita mwanetu Salim arudi kutoka Nairobi aniuguze. Nikamwapia: "Wallahi miguu imepona! Hata sisimizi akipita unyayoni namhisi."

Ijumaa iliyopita alikwenda matangani, akaniachia ufunguo wa pekee wa nyumba. Msikitini niliuchomeka ndani ya kiatu pale mlangoni, nisije nikauangusha wakati wa kusujudu. Baada ya sala nikavaa viatu, nikapita Marikiti kununua ndizi, nikatembea polepole hadi nyumbani Kibokoni.

Mlangoni nikapekua kila mfuko. Kiatu sikukikumbuka kabisa. Nikarudi msikitini, nikamgombeza mzee anayelinda viatu, kisha nikamshuku hata muuza ndizi. Mwisho nikamwita fundi avunje kitasa.

Bi Zuhura akatukuta mlango uko wazi, nami namsimulia fundi jinsi mji ulivyojaa wezi.

"Ingia upumzike," akaniambia.

Nikavua viatu kizingitini kama ilivyo ada. Ufunguo ukaanguka, ukalia sakafuni. Fundi akaangua kicheko.

Bi Zuhura hakucheka. Aliinama, akauinua unyayo wangu. Ufunguo ulikuwa umejichora pale mzima mzima, na meno yake yote.

"Na yule sisimizi, Baba Salim," akauliza taratibu, "alipita saa ngapi?"